Jiwe la Matundu

SEHEMU YA KWANZA

Mdogo wangu alilibwaga jiwe uani kwa hasira, likaangukia karibu na mbabula ya mama, makaa yakaruka mpaka kwenye sufuria ya bukari.

"Nimelibeba mgongoni toka kilimani mpaka depo," alisema. "Wameweka metoreksi, wanasema halina kitu. RSC. Jiwe la bure!"

Metoreksi ni kile kimashine cha mkononi cha kupimia madini. Kwetu Fungurume, kama Kolwezi, kinaweza kumlaza kijana njaa au kumnunulia pikipiki, na mchimbaji hana namna ya kubishana nacho. Siku ile kilikuwa kimesema hapana. Ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa Tenke, mvua ikinukia bila kunyesha. Mimi nilikuwa nimetoka Lubumbashi, ninakosomea jiolojia, nikisubiri masomo yaanze.

"Nipeni nilishike," sauti ilitoka chini ya mwembe.

Alikuwa Nkambo, babu yetu mzaa mama. Macho yake yalikwisha miaka mingi iliyopita, ila mikono bado. Kwa zaidi ya miaka 30 alifanya kazi kwenye maghala ya karoti. Msomaji wa mbali asidhani ni mboga. Karoti kwetu ni ile fimbo ndefu ya jiwe inayotolewa na mashine ya sondaji ikichimba ardhi wima. Kazi ya Nkambo ilikuwa kuzipanga kwenye masanduku kwa mfuatano, la juu mwanzo, la chini mwisho, bila kukosea hata kipande kimoja. Mjiolojia alikuja baadaye kusoma, na kama mpangaji amechanganya, mjiolojia anasoma uongo. Nkambo hakuwahi kuingia chuo chochote. Lakini alijua mfuatano wa mawe ya Katanga kama Mkatoliki anavyoijua rozari yake, akianza chini kwenda juu: RAT, D-Strat, RSF, RSC, SD, CMN.

Alilipokea jiwe mapajani, akaligeuza taratibu. Lilikuwa na vitundu kila mahali, kama mkate uliochacha vizuri.

"RSC," alisema. "Hawakukudanganya. Ulilitoa wapi?"

"Kwenye dari, Nkambo. Nililala chali nikagonga kwa nyundo na tindo mpaka likaniachia. Kidogo liniponde."

"Kwa hiyo upande huu wenye alama za tindo ulikuwa unakutazama wewe. Na huu wenye udongo mwekundu ulikuwa unatazama mbingu."

"Ndiyo."

Nkambo alinyamaza. Mimi sikulitia maanani swali lile, na mpaka leo najilaumu.

Mdogo wangu alikuwa amenunua kamba mpya ya nailoni sokoni. Aliniomba nimpimie, maana muuzaji alimwapia ni mita 50. Tulipoinyoosha kutoka mlangoni mpaka barabarani na kurudi, ikatoka mita 46. Watoto wa jirani walikuwa wamejaa kutazama. Nikaona hapa pana darasa kuliko ubao wowote niliowahi kukaa mbele yake. Nikawaambia watoto: tuseme mita moja ni miaka milioni 100. Ncha hii ninayoishika ni leo. Tufunge mafundo, tuone dunia ina urefu gani.

Fundo la mwisho kabisa tulilifunga kwenye mita 45 na sentimita 40. Hapo dunia ilizaliwa, miaka milioni 4,540 iliyopita. Umri huo haukukisiwa. Mwaka 1956 Clair Patterson, Mmarekani, alipima risasi iliyomo ndani ya mawe yaliyoanguka kutoka angani na kupata umri ambao mpaka leo umebadilika kidogo tu. Urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika, kwa hiyo jiwe lenye urani hutembea na saa yake tumboni.

Kutoka pale tukarudi nyuma kuelekea leo. Kwenye mita 35 hivi nikafunga fundo la uhai: mawe ya Pilbara, Australia, yana alama za utando wa bakteria wa zamani zile. Kwenye mita 24 nikafunga jingine, na nikawaambia watoto walishike wote, kila mmoja, maana ni fundo la pumzi. Upande wa huku wa fundo lile ndiko hewa ilikoanza kupata oksijeni. Upande wa kule, mtu angesimama chini ya jua zuri kabisa na kufa kwa kukosa pumzi.

Kisha tukatembea hatua nyingi bila fundo. Mtoto mmoja akauliza kama nimesahau. Sikusahau. Wataalamu wameigawa kamba hii katika vipande vikubwa vinne wanavyoviita eoni: Hadeani, Arkeani, Proterozoiki na Fanerozoiki. Vitatu vya kwanza vinakula mita 40. Wanyama wote unaowajua, samaki, chura, nyoka, tembo, hata konokono wa baharini aliyegeuka jiwe, wamejibana kwenye kipande cha mwisho, Fanerozoiki, kinachoanzia mita 5 na sentimita 39. Nikafunga fundo. Kwenye mita 2 na sentimita 52 nikafunga fundo la msiba, mwisho wa kipindi cha Permiani, ambapo sehemu kubwa ya viumbe vya baharini ilitoweka. Kwenye sentimita 66 nikafunga fundo la mwisho wa dinosaria, wale ambao mifupa ya ndugu zao wa kale zaidi ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913.

"Na watu?" aliuliza Nkambo kutoka mwembeni. "Watu uliwafunga wapi?"

Nilimpelekea ncha ya kamba, nikamwekea ukucha wake mwishoni kabisa. Milimita tatu. Miaka 300,000 ya watu kama sisi ni milimita tatu. Mfupa wa Ishango, ule wenye mikato ya kuhesabia uliopatikana 1950 huko huko kwetu Kongo, karibu na chanzo cha Semliki, una miaka kama 20,000. Hapo kamba haina nafasi ya kuuonyesha.

Alicheka kidogo. Halafu akauliza jambo ambalo chuoni hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza. "Na majina haya, Kambriani, Permiani, yametoka wapi?"

Nilimwambia. Kambriani ni Wales, kwa jina lake la Kilatini. Adam Sedgwick alilitangaza mwaka 1835. Permiani ni mji wa Perm, Urusi. Roderick Murchison, 1841. Jurasiki ni milima ya Jura, Uswisi na Ufaransa. Kila mara mawe ya mahali pamoja yalipewa dunia nzima kuwa kipimo.

"Na mawe ya hapa?"

Nikafunga fundo moja zaidi, kwenye mita 8. Hapo, nikamwambia, ndipo lilipo jiwe lako la mapajani, Nkambo. Limo kwenye kundi la mawe linaloitwa Roan, na Roan kwa Kiswahili ni korongo, yule swala mkubwa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1902 mtafutaji madini aitwaye William Collier alimpiga risasi korongo kule Luanshya, Zambia, akakuta kichwa chake kimeangukia juu ya jiwe la kijani la malakite. Mgodi ukapewa jina la mnyama, na mawe yakapewa jina la mgodi.

Mdogo wangu alikuwa ameanza kukunja kamba begani. Nilitaka kufungua mafundo. "Acha, yaya," alisema, na yaya kwetu ni ndugu mkubwa. "Yatanisaidia kushika. Kesho usiku tunashuka. Tumeshalikata jiwe la matundu karibu lote. Chini yake kuna RSF, na RSF ya kilima kile ina kobalti nyeusi tii. Utaona." Akaondoka, mafundo ya dunia yakining'inia mgongoni mwake.

Mvua ilianza jioni. Tulipokuwa tunaingiza viti ndani, Nkambo aliomba beseni la maji, akaliosha jiwe kama anavyooshwa mtoto. Vidole vyake vilipita kwenye ule upande uliovunjika, ambako kulikuwa na mistari myembamba iliyopinda, mmoja juu ya mwingine. Alipita mara ya kwanza. Alipita mara ya pili. Mara ya tatu mkono ulianza kutetemeka.

"Mama," aliniita, "alama za tindo ziko upande gani?"

"Chini, Nkambo. Zilikuwa zinatazama chini."

"Basi jiwe hili lilikuwa limelala kichwa chini. Na jiwe la dari haligeuki peke yake. Kilima kizima kimepinduka, na watoto wale hawajui kilichoko chini yao."

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Jiwe lililokataliwa depo limefika mikononi mwa Nkambo, mzee asiyeona aliyepanga karoti miaka 30. Kwa vidole vyake amegundua kwamba mawe ya shimo la mjukuu wake yamepinduka. ENDELEA.

Sikumwamini. Naandika hili waziwazi kwa sababu ukweli unanidai. Nilichukua kioo cha kukuzia nilichokuja nacho kutoka chuoni, nikawasha tochi ya simu, nikainama juu ya jiwe kama hakimu.

Mistari ilikuwepo. Tena mizuri. Ilikuwa imejikunja kama mabakuli yaliyofunikwa na kupangwa moja juu ya jingine, makumi kwa makumi, mengine si mazito kuliko karatasi. Chuoni tunayaita stromatoliti. Zamani za fundo la mita 8, hapa Fungurume palikuwa na bahari ya kina kifupi, yenye chumvi kali, inayokauka na kujaa. Juu ya matope yake uliishi utando wa vijidudu, unateleza kama ule ulioko ndani ya mtungi wa maji uliosahaulika. Matope yalipoufunika, ulipanda juu kufuata mwanga, ukatandika tabaka jipya. Yakaufunika tena, ukapanda tena. Kwa hiyo bakuli la stromatoliti kwa kawaida huinua mgongo wake kwenye jua. Ni jiwe linaloweza kukuambia jua lilikuwa upande gani hata ukiletewa usiku kwenye gunia. Matundu yake yalikuja baadaye sana, maji yalipolamba dolomiti na kuacha silika imesimama.

Na mabakuli ya jiwe letu yalikuwa yameelekeza migongo kwenye alama za tindo.

"Niambie walivyokufundisha," alisema Nkambo. "Tabaka la chini na la juu, mkubwa ni yupi?"

"La chini ni mkubwa. Nicolaus Steno, 1669."

"Sisi hatukumjua huyo. Tulisema: aliyelala kwanza yuko chini. Lakini kitanda kikipinduliwa?"

Nilijua jibu. Nililifanyia mtihani. Lakini kulijua kwa mtihani na kulisikia kutoka kwa mzee anayetetemeka ni mambo mawili. Mvua ilikuwa inapiga mabati, mama alikuwa amelala, na tulidhani tuna usiku mzima na kesho yote. Tukakaa.

Mawe ya Katanga yamegawanywa makundi matatu: Roan chini, Nguba katikati, Kundelungu juu. Chini ya Roan, kule Nchanga, Zambia, kuna granaiti yenye umri wa miaka milioni 883, kwa hiyo Roan ni mdogo kuliko hapo. Na mahali Nguba inapoanzia kuna jiwe la ajabu ambalo Wabelgiji waliliita Grand Conglomérat. Nkambo aliwahi kupanga karoti zake. Anasema lilimkera, kwa sababu halikuwa na mpangilio: kokoto za kila rangi zimekwama kwenye udongo mweusi mgumu, kubwa na ndogo pamoja, kama mtu aliyemwaga mfuko wa harusi. Mto haupangi hivyo. Barafu ndiyo inayobeba kila kitu bila kuchagua. Kuanzia miaka milioni 717 hivi iliyopita, barafu ilifika hata kwenye nchi za joto, bahari kwa bahari, na wataalamu wamekiita kipindi kile Kriojeni, kuzaliwa kwa baridi. Ikaja tena mara ya pili na kuondoka miaka milioni 635 iliyopita. Alama yake kwetu ni Petit Conglomérat, mlangoni mwa Kundelungu. Mtu anaweza kuishi na kuzeeka Katanga, ashike mawe yaliyobebwa na barafu ile kila siku, asiambiwe na mtu. Mimi nilikuwa na miaka 20 nilipoambiwa, na nililia darasani.

"Sasa msikilize mpinduaji," alisema Nkambo.

Baada ya barafu ile, kati ya miaka milioni 560 na 500 iliyopita, bara la Kongo na bara la kusini yake yalisukumana. Mawe yote haya yalikunjwa na kuwa tao kubwa, ambalo leo linapita Kolwezi, Fungurume na Likasi kabla ya kuingia Zambia. Lakini ndani ya Roan kulikuwa na chumvi nyingi ya bahari ile iliyokauka. Chumvi ikikandamizwa hutiririka, na mawe yaliyokaa juu yake hupoteza miguu. Yalivunjika vipande vipande, vingine vya ukubwa wa kilima, vikateleza, vikasimama wima, vikalala ubavu, vingine vikapinduka kabisa. Chumvi yenyewe iliyeyuka na kuondoka. Wajiolojia wanaviita vipande vile kwa Kifaransa écailles, magamba, kama ya samaki. Vilima vya Fungurume ndiyo magamba hayo. Ukivitazama kutoka barabara ya Likasi, vile vilima visivyo na miti vyenye nyasi fupi, unatazama mafuriko ya mawe yaliyogandia njiani.

Nilimuuliza kama watu wa zamani waliyajua haya. Alisema walijua linalowahusu. Miti haioti penye shaba nyingi. Ua dogo la buluu linaota, lile ambalo vitabu vinaliita Haumaniastrum katangense. Hata waakiolojia wamelifuata kupata mahali wahenga walipoyeyushia shaba ya kumimina misalaba. Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji, alipofika Katanga mwaka 1892 alikuta mashimo ambayo Wasanga na Wayeke walikuwa wamekwisha kuyachimba. Aliandika vizuri, na alistahili kuandika. Ila hakutuonyesha shaba. Alionyeshwa.

Kisha Nkambo akageuza swali lake la mchana. "Na milimita zetu tatu. Hakuna mtu aliyezifungia fundo?"

Walijaribu, nikamwambia. Mafundo mengi ya kweli ya dunia yana mahali pake. Fundo la Ediakarani, kipindi kilichofuata barafu, lililokubaliwa mwaka 2004, ni kisahani cha shaba nyeusi kilichopigiliwa kwenye mwamba wa korongo moja la Australia Kusini. Wapo waliotaka kupigilia la binadamu, waliite Anthroposini, na alama waliyoichagua ni plutoni ya majaribio ya mabomu iliyotua kwenye matope ya ziwa moja dogo la Kanada. Machi 2024 pendekezo lao lilikataliwa kwa kura. Lakini Nkambo aliposikia neno plutoni alinishika mkono. Plutoni hutengenezwa kwa urani, na sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilitoka Shinkolobwe, hapo tu upande wa Likasi. Yale mavumbi yaliyoanza kutua duniani mwaka 1945, ambayo watu wa vizazi vijavyo watayakuta kwenye tabaka la wakati wetu, yana udongo wa Katanga ndani yake.

"Wales wana jina," alisema. "Perm wana jina." Hakumaliza.

Nami nasema bila woga: watoto wa Fungurume wanajua bei ya kilo ya kobalti kabla ya kujua kusoma, na hakuna aliyewaambia kwamba jiwe wanalolitupa kama taka ndilo lililobeba kumbukumbu ya uhai wa kwao, kabla ya samaki wa kwanza, kabla ya jani la kwanza. Hilo ni deni, na wanaodaiwa ni sisi tuliopelekwa shule.

"Sasa niambie," Nkambo alirudi kwenye shimo, sauti imebadilika. "Kama gamba lile halijapinduka, chini ya RSC kuna nini?"

"RSF."

"Ngumu. Ina silika, inashika. Vijana wanaiamini, hawaweki hata miti ya kuzuia. Na kama limepinduka?"

Nilihesabu kwa vidole. RAT, D-Strat, RSF, RSC, SD. Kitanda kikipinduliwa, kilichokuwa juu kinakuwa chini. "SD."

"SD," alisema. "Shale. Nimepanga SD maisha yangu yote. Ile ya mbali chini ni jiwe la kweli. Lakini ile iliyooza, karibu na uso wa ardhi, ilikuwa inafika kwenye sanduku kama uji mweusi. Tuliifunika kwa karatasi ya nailoni, maana ikipata maji hailali tena mahali pake. Mama, kesho asubuhi na mapema umwendee mdogo wako."

Wakati huohuo mlango uligongwa.

Alikuwa mtoto wa jirani, mmoja wa wale walioshika fundo la pumzi mchana. Alikuwa amelowa mpaka kwenye mifupa. Alitumwa kuchukua betri za tochi. "Hawangoji kesho," alisema. "PDG, mkubwa wa shimo, amesema mnunuzi anakuja na gari alfajiri. Yaya mdogo ameshashuka."

Simu ya mdogo wangu haikupatikana. Nilitoka bila viatu vya mvua. Mwendesha pikipiki wa kona alidai mara tatu ya bei, nikampa. Njia ya kilimani ilikuwa mto mwekundu. Tuliteleza mara mbili, mara ya pili nikaachia pikipiki na kupanda kwa miguu. Radi ilipomulika niliona kilima chote kimekaa uchi, nyasi zimelala, na vile viua vidogo vya buluu vimejikunja. Wakati wote kichwani nilikuwa naimba ile rozari kinyumenyume: CMN, SD, RSC, RSF.

Mdomoni mwa shimo walikuwepo vijana sita chini ya turubai. Walinizuia kabla sijafika. Mwanamke hakaribii shimo, madini hukimbia: imani hiyo ni ya zamani machimboni kwetu, na usiku ule ilisimama mbele yangu kama ukuta.

"Madini yakimbie," nilisema. "Huyo ni mdogo wangu. Mashine ya hewa mbona haingurumi?"

Mmoja alitazama pembeni. Maji yalikuwa yameingia kwenye jenereta. Haikuwa imenguruma kwa muda.

PDG alisema kijana hana shida, yuko kwenye RSF, alikuwa ametoka kuita sasa hivi. Nikapita katikati yao. Kamba ilikuwa imelazwa juu ya gogo, vijana wawili wameishika. Mdogo wangu alijifunga kiunoni ncha ile niliyoiita leo, kwa hiyo mafundo yangu yalikuwa yamepita mdomoni moja baada ya jingine: dinosaria, msiba wa Permiani, Kambriani, jiwe letu. Nilipapasa gizani karibu na gogo kutafuta la mwisho kupita. Nililijua kwa unene wake, maana watoto wengi walilibana. Fundo la pumzi. Mita 24.

"Kaka!" niliita kwa nguvu zangu zote. "Ni yaya! Panda juu!"

Kimya. Kisha sauti yake, nyembamba, yenye kuhema.

"Yaya? Mawe ya matundu yameisha. Lakini hii si RSF. Ni nyeusi, lakini laini. Inateleza mkononi kama sabuni. Na maji yanatoka..."

"Hiyo ni SD! Umesikia? Kilima kimepinduka! Usiguse ukuta, panda!"

Niliona kijana wa kushoto akijiandaa kuvuta. Hakuwahi. Kutoka chini ulikuja mlio, si wa jiwe kuvunjika, ni mlio mzito wa kitu kinachomeza. Kamba ililegea mikononi mwetu. Halafu ikakaza ghafla na kuanza kukimbia. Ilikimbia juu ya gogo ikiwachana vijana viganja, nami nikairukia, ikanichana vyangu. Shimo walilolichimba lilikuwa na mita 24, na kamba ilikuwa inaendelea kushuka.

Fundo la mita 35, lile la uhai wa kwanza, lilipita kwenye vidole vyangu likaingia gizani. Nyuma yake lilibaki fundo moja tu.

ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.